Fundi wa Saa na Nyuki Wake wa Mususa

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa ameinama juu ya nyuki aliyekufa, lenzi ya kazi yake imebanwa kwenye jicho la kulia, akimgeuzageuza kwa kibano cha kushikia vipuri vya saa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na godoro kichwani. Mama mmoja wa kanisa alikuwa ameniambia kwamba kwake kuna chumba cha kupanga. Aliinua kidole kimoja: ningoje. Nikangoja, shingo inaniuma. Mwishowe akasema, macho bado kwenye yule mdudu:

"Huyu hapana kufa na ugonjwa. Kazi njo imemumaliza. Angalia mabawa, yamechanika kama suruali ya mukulima."

Ndipo akanitazama na kuuliza nimetoka wapi. Nikasema Eringeti. Hakuuliza la pili. Miaka ile ya vita, mwanamke akifika Butembo kutoka upande wa Eringeti na godoro moja, bila mume, watu walikuwa wameshajifunza kutouliza. Akanionyesha chumba cha nyuma, akaniambia choo kiko wapi, na kwamba ule upande wa ua wenye migomba nisipite nikiwa nimejipaka mafuta ya kunukia.

"Kuko nini kule?" nikauliza.

"Kuko benyewe wa parseli," akasema. "Mimi na wewe tunapanga tu."

Wenyewe wa kiwanja walikuwa nyuki, mizinga sita ya mbao, imepangwa juu ya vigingi nyuma ya nyumba, katikati kabisa ya mtaa wa Mususa, kwenye vibanda vya mafundi na redio za majirani. Kila mguu wa kigingi ulisimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, ili siafu wasipande.

Watu wote walimwita Fundi wa Saa. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, padri alipolisoma kanisani kwenye orodha ya waliochangia bati, na yeye mwenyewe hakuwepo kulisikia, maana alikuwa amechelewa. Alichelewa kila Jumapili. Saa ya parokia aliitengeneza yeye, saa za nusu ya mji zilipita kwenye meza yake, lakini mkononi hakuvaa saa. Ukimwuliza muda, alitoka nje, akatazama mlango wa mzinga wa kwanza, akarudi na jibu. Nilimpima mara nyingi na saa ya shule nilikofundisha, na hakukosea kwa zaidi ya robo saa. Siku za mvua, nyuki wasipotoka, alisema tu, "Leo hakuna saa."

Ulimi wake ulikuwa mkali. Mtu akimletea saa iliyoanguka chooni na kudai imesimama yenyewe, aliifungua, akainusa, akaifunga na kumrudishia. "Saa iko nasema kweli kukupita," alimwambia mfanyabiashara mmoja mkubwa mbele ya wateja wengine. Mtu huyohuyo baadaye alikuja na gari kutafuta asali, akataka yote. Fundi akamjibu kwamba asali haiko. Nilikuwa nimekaa karibu na ndoo mbili zilizojaa, nikainamisha kichwa. Jioni ileile alikuja mama aliyemwagikiwa na maji ya moto mkononi, na Fundi akamjazia chupa, akamfunga kitambaa kwa vidole vile vyembamba, akamwonya arudi baada ya siku tatu. Mama akasema, "Wasingya, tata." Asante, baba. Fundi akaguna kana kwamba ametukanwa.

Na mtu huyu, ambaye nimemwona akitia mkono mtupu ndani ya maelfu ya nyuki na kuutoa taratibu kama anatoa mkate kwenye oveni, alikuwa anaogopa mbwa. Jirani alikuwa na kambwa kadogo, kazee, hakana meno. Kakipita langoni, Fundi alipanda juu ya benchi na kibano chake mkononi, akibaki pale mpaka nikafukuze. Hakuona haya. "Nyuki najua anataka nini," alisema. "Mbwa, hata yeye mwenyewe hajui."

Mimi sikuomba kufundishwa. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakwenda shuleni, narudi, nafunga mlango. Usingizi haukuja, na ukija uliniletea barabara ile ambako gari la mume wangu lilisimamishwa na wenye bunduki, yeye na kahawa yetu yote. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimekauka. Alasiri moja Fundi akagonga, akaweka kigoda mkononi mwangu, akanipeleka nyuma ya nyumba na kukiweka pembeni mwa mzinga wa mwisho, mkono mmoja kutoka mlangoni pake.

"Kaa. Angalia."

"Niangalie nini?"

"Kama ningejua utaona nini, ningekuambia, ungebaki mu nyumba."

Nikakaa. Kesho yake pia. Alinikalisha pale mwezi mzima kabla ya kuniruhusu kushika chochote, na sasa najua kwamba somo kubwa la mwaka ule lilikuwa hilo. Niliona wanaorudi wamebeba vumbi la njano miguuni, na wengine vumbi jekundu la rangi ya tofali. Niliona walinzi wakimnusa kila anayeingia. Niliona nyuki mmoja akimburuta mwenzake aliyekufa, akaanguka naye, akapumzika, akamburuta tena, mpaka akaruka naye juu ya ukuta. Siku ile nilisahau kupika. Nilikuwa sijasahau kitu chochote tangu Eringeti, na kule kusahau kuliniingia kama maji.

Mwezi wa pili akanipa mzinga mtupu. Aliusugua ndani kwa nta na majani ya mchaichai, tukauweka karibu na ukuta, tukaanza kungoja. Wiki zikapita. Nikalalamika kwamba mzinga wangu una kasoro.

"Mwali wetu," akasema (ndiyo mara ya kwanza aniite hivyo, binti yetu, zamani alikuwa ananiita Mwalimu), "nyumba hauwachagulie. Ni bo banachaguaka."

Walikuja siku mikaratusi ya upande wa juu ilipoanza kuchanua. Kundi zima lilifika kama moshi mweusi wenye sauti, likazunguka ua, likatua kwenye ukuta, na kisha likaanza kuingia kwangu, wakitembea kwa miguu, wamejipanga, kama watu wanaoingia misani. Nilipiga magoti bila kukusudia. Fundi alikuwa ametoka na lenzi yake bado jichoni, akasimama nyuma yangu. Yeye aliyeona jambo hilo mara nyingi kuliko miaka yangu, naye alikuwa amevua kofia.

Nikawapoteza ndani ya siku kumi na tano. Kosa lilikuwa langu. Kila nilipotoka shuleni nilifungua kifuniko nione kama bado wapo, kama wanajenga, kama wana njaa. Siku moja nilifungua nikakuta masega matatu meupe, machanga, na hakuna hata mdudu mmoja. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti mpaka majirani wakatoka wakidhani kuna msiba. Nililia nyuki, nikalia mume, nikalia nyumba yetu na mlango wake wa samawati. Fundi aliwaambia majirani warudi kwao, akakaa chini kwenye udongo, suruali yake ya kazi na yote, akangoja nimalize.

"Wewe ulikimbia Eringeti," akasema hatimaye. "Ulikuwa unachukia nyumba yako?"

"Hapana."

"Ju ya nini ulikimbia?"

"Walikuwa wanaingia kila siku."

Akaitikia kwa kichwa, akaniachia jibu langu mwenyewe.

Kundi la pili lilipokuja sikufungua kifuniko kwa majuma sita. Nikajifunza kuweka sikio kwenye ubao na kusikiliza. Nikajifunza kwamba moshi wa gamba la mkaratusi, ukiwa baridi na mweupe, unawatuliza, lakini ukiwa wa moto unawakasirisha. Nikajifunza kwamba ukichomwa usiufinye mwiba, maana unajisukumia sumu yote. Unakwangua kwa kucha au kisu, upesi, kisha unafukiza mahali pale ili wengine wasifuate harufu. Na nikajifunza kugawa. Mavuno yangu ya kwanza yalikuwa masega matano, na Fundi akanirudishia mawili ndani ya mzinga. Nikamwambia watu wana njaa mjini, barabara zimefungwa, sukari haionekani.

"Mvua inakuja," akasema. "Na bo batakula nini? Batakuja kuomba kwako?"

Yeye mwenyewe hakuonja asali. Kahawa alikunywa chungu, na alipolamba kidole kwa bahati mbaya alikunja uso. Nilimwuliza basi anafuga nyuki wa nini. Akaweka chini kibano.

"Saa, mutu aliitengeneza, mimi naweza kuifungua na kuelewa yote. Hii..." akaonyesha migomba, "nafungua, na kila mara naelewa kidogo kupita jana."

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile.

Mji ulikuwa mikononi mwa kundi moja la wenye bunduki, na mlimani kulikuwa na jingine. Asubuhi risasi zililia upande wa juu, kisha zikanyamaza, na kama saa nne askari wakaanza kupita parseli kwa parseli wakitafuta vijana na silaha. Kwetu waliingia watatu. Walichukua redio mbili za wateja. Halafu mmoja, kijana mrefu mwenye sweta nene ya kijani, akaona mizinga.

"Vieux, fungola!" akaamuru. Mzee, fungua. "Munaficha nini humu?"

"Ni banyuki, chef," Fundi akasema. "Hapana gusa. Nakuomba."

Kijana akacheka. Akainua buti na kuusukuma mzinga wa nne. Ukaanguka, kifuniko kikatoka.

Sauti ile sijaisikia tena na sitaki. Ua mzima uligeuka giza linalotembea. Wawili waliruka lango na kukimbilia barabarani. Yule mrefu alijaribu kuvua sweta, ikamnasa kichwani, akakimbia kipofu, akajigonga kwenye ukuta na kuanguka chini ya migomba. Mimi na Fundi tulikuwa tumejifungia ndani ya kibanda chake cha kazi. Tulimwona kupitia ufa wa dirisha. Alipiga mateke, kisha mateke yakapungua.

Fundi alikuwa na mdogo wake mmoja, ambaye askari walimkamata njiani awabebee mizigo na hakurudi. Hilo nilijua. Langu mimi mmekwisha kulisikia. Mle kibandani, saa zote za ukutani zikilia pamoja, nilimwomba Mungu wangu kitu ambacho sijawahi kukisema kanisani: kwamba asimwamshe yule kijana.

"Leta moshi," Fundi akasema.

Akafungua mlango akatoka, bila wavu, bila glavu, kichwa wazi. Hakukimbia. Alitembea ndani ya wingu lile kwa mwendo wake uleule wa kila siku, mikono imelala pembeni, na wingu likamfunika, sikuona tena shati lake lina rangi gani.

Kopo la moshi lilikuwa miguuni pangu. Mbabula, jiko letu la mkaa, ilikuwa na makaa mekundu, tulikuwa tumetoka kupika chai. Nilihitaji tu kuinama. Sikuinama. Nilisimama. Siwezi kusema ni muda gani. Saa zilikuwepo ishirini mbele yangu na sikuitazama hata moja. Kisha mikono yangu ikachota makaa, ikajaza gamba la mkaratusi, nikatoka nikipuliza.

Niliwakuta katikati ya ua. Fundi alikuwa anarudi kinyumenyume, akimburuta kijana kidogo kidogo, uso wake umejaa nyuki kama ndevu. Nikawafukiza wote wawili, tukamwingiza ndani, tukafunga. Akamlaza kwenye benchi la kazi, akasukuma vipuri chini, akabana lenzi jichoni. Bunduki ya kijana aliitundika kwenye msumari ukutani, kati ya saa mbili. Kisha akachukua kisu chake kidogo na kuanza kukwangua. Shingo, masikio, kope, mikono. Mimi nilifuata na kitambaa cha maji baridi. Kijana alikuwa anapumua kama mlango wenye kutu. Tulimkalisha ili pumzi ipite. Midomo yake ilivimba, macho yakafungika. Fundi mwenyewe alikuwa amevimba upande mzima wa uso, jicho la kushoto limepotea, lakini lile la lenzi lilikuwa wazi.

Ua ulipotulia, majirani walikuja. Mama wa nyumba ya tatu, ambaye askari walikuwa wamemnyang'anya mbuzi wote, alisimama mlangoni na kusema kwa sauti:

"Fundi, wacha akufe! Bale wenzake batakushukuru na nini?"

Kisu cha Fundi hakikusimama. Aliendelea na sikio la kulia. Yule mama akalia, akaondoka.

Ilikuwa alasiri wenzake waliporudi na mkubwa wao, wamejifunga vitambaa usoni. Mkubwa akamtazama kijana wake, amekaa, anakunywa maji kwa kijiko. Akaitazama bunduki pale kati ya saa. Akamtazama Fundi na uso wake ule. Nilikuwa nimeshamaliza sala zangu.

"Hizi sanduku zitoke mujini kesho asubui," akasema. "Zikibaki, tunachoma zote, na nyumba."

Hakusema asante. Walimbeba kijana wakaondoka, na redio hawakurudisha.

Jioni tuliziba milango ya mizinga kwa majani ya mgomba. Kulipopambazuka nilitoka na ngata yangu kichwani, nikidhani tutakuwa wawili na tutapiga safari nne. Langoni alikuwa amesimama yule mama wa nyumba ya tatu. Pamoja naye walikuwa wanawake wengine wanne, kila mmoja na ngata yake ya kitenge.

"Tunabeba wapi?" akauliza, bila salamu.

Hivyo tukapita mjini, wanawake sita na mizinga sita kichwani, Fundi akitangulia na wa saba, ule uliovunjika ulipoangushwa, ameufunga kamba, ndani yake wale waliosalia. Mbao zilinguruma juu ya vichwa vyetu; nilisikia ngurumo hiyo ikishuka kupitia fuvu mpaka kwenye meno. Watu walisimama kando ya barabara. Kwenye kizuizi cha kutokea mjini, mahali ambapo hakuna aliyepita bila kupekuliwa mpaka kwenye unga, askari walituona kwa mbali, wakasikia, wakainua mti wenyewe.

"Piteni! Piteni mbiyo!"

"Polepole," Fundi akatuambia kwa chini. "Hapana tikisa."

Tukapita polepole. Niligeuka nikaona askari wale wamesimama kwenye mtaro, kofia mkononi. Sijui kama ilikuwa hofu. Kwangu mimi ilionekana kama heshima, na katika miaka yote ile sikuwa nimeona bunduki ikimheshimu mtu.

Mizinga ilikaa mlimani, kwenye shamba la binamu yake, mpaka vita vikaisha. Baadhi ya wateja waliacha kumletea saa. Walisema amemponya adui. Hakuwahi kujitetea. Baadaye macho yake yakaanza kuharibika, akauza vyombo vya kazi, akaenda kukaa kwa dada yake, kule Kayna. Nami nikahama chumba cha nyuma, nikanunua kiwanja changu, nikaweka mizinga yangu.

Nilimfuata huko Kayna mara moja, miaka mingi baadaye, siku nzima juu ya lori. Nilimkuta amekaa uani kwenye jua, amekonda, macho yote mawili yana ukungu. Alinijua kwa hatua. Tulikunywa kahawa, yake chungu. Nikamwambia kwamba Butembo watu bado wanasimulia, kwamba shuleni nawasimulia watoto jinsi alivyoingia kwenye nyuki kumwokoa adui yake.

Akaweka kikombe chini kwa uangalifu, akipapasa meza kwanza.

"Usibadanganye batoto," akasema. "Sikwenda kumuokoa."

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kuangalia kama amekufa. Nilitaka afe, mwali wetu. Nilitaka nimuone na hii macho. Moshi niliomba ya kunirudisha mimi." Akashika goti lake. "Nikainama. Na yeye akashika suruali yangu, hapa, na mukono mbili. Nikavuta, hakuachilia. Singeweza kurudi bila yeye. Donc nikarudi naye. Watu banasema nilimubeba. Ni yeye alinishika."

Jua lilikuwa limefika kwenye magoti yake.

"Lakini miiba ile yote, Fundi? Kutwa nzima? Wakati ule hakuna aliyekushika."

"Ile ilikuwa kazi," akasema. "Kazi ikifika mu mukono, unaifanya."

Nikaona kwamba ni zamu yangu. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu kopo miguuni pangu na makaa mekundu, jinsi nilivyosimama, na nilichomwomba Mungu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. Niliposema, sauti yangu ilikuwa ya mwanamke aliyesimama mlangoni na godoro.

Hakushtuka. Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata wangu.

"Najua," akasema. "Nilikuona pa ufa wa dirisha. Umesimama."

"Na hukuwahi kusema kitu?"

"Niseme nini?" Uso wake wa kipofu ulikuwa umenielekea, nao ulikuwa umetulia. "Moshi ulifika."